Kabla Bei Haijapanda: Mambo ya Kuzingatia Vita Vinapotikisa Soko la Mafuta na Bidhaa

Jioni ya tarehe 24 Februari 2022, siku Urusi ilipoivamia Ukraine, kaka yangu alikuwa Makambako akisubiri Fuso lake lipakiwe viazi. Redio ya kibandani ilikuwa imeshatangaza kwamba pipa la mafuta ghafi limevuka dola 100. Akanipigia simu: “Mdogo wangu, ninunue mapipa mawili ya dizeli niweke nyumbani?” Nikamwambia nunua. Ulikuwa ushauri mbaya, na nimeujutia.

Pipa moja lilikaa uani, chini ya bati lililotoboka. Masika yakanyesha, maji yakapenya kwenye kizibo, na dizeli ile ilipotiwa kwenye tangi iliua nozeli, vile vinyunyizio vya dizeli ndani ya injini. Gari lilisimama siku sita. Fundi na vipuri vilikula fedha nyingi kuliko alizokuwa anajaribu kuokoa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hakukuwa na haja ya kukimbizana. Brent, mafuta ghafi ambayo dunia hupimia bei, iligusa dola 139 kwa pipa tarehe 7 Machi. Lakini bei kikomo ya petroli Dar es Salaam, yaani bei ya juu ambayo kituo kinaruhusiwa kuuzia, ilipita shilingi 3,400 kwa lita mwezi Agosti, miezi mitano baadaye, tena ikiwa imeshapunguzwa na ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi iliyoanza Juni. Na Agosti hiyo hiyo Brent ilikuwa inashuka chini ya dola 100. Yaani pampu ilikuwa juu kabisa wakati soko la dunia limeshaanza kupoa. Kaka alikuwa na wiki na miezi ya kujipanga, mimi nikamwambia ana usiku mmoja.

Haya ninayoandika ndiyo ambayo ningemwambia kama simu ile ingepigwa leo. Nayaandika kwa ajili ya mwenye gari moja, mwenye duka la pembejeo, mama anayechoma chapati, mkulima wa ekari tatu: watu wanaobebeshwa bei za vita vya mbali bila kuwa na mhasibu wa kuwapigia hesabu.

Cha kwanza ni kuielewa bei yenyewe, kwa nini hupanda kabla bidhaa haijapungua. Wengi huona ni ulanguzi tu, na ulanguzi upo, lakini sababu kubwa ni nyingine. Fikiria kijiji ambacho mwezi wa kumi inavuma habari kwamba vuli haitanyesha. Maghala bado yamejaa, hakuna aliyelala njaa. Hata hivyo mwenye mahindi anayashikilia, na mwenye fedha anakimbia kununua ya ziada. Bei inapanda siku hiyo hiyo, gunia likiwa lile lile. Soko la mafuta hufanya hivyo kila siku, kwa sababu wanunuzi wakubwa hununua leo shehena zitakazopakiwa baada ya miezi. Wakisikia mabomu karibu na njia ya meli, wanalipia hatari ya kesho kwa bei ya leo.

Njia inayotajwa kila mara ni Mlango wa Hormuz, mkondo mwembamba wa bahari ambao meli hupita zikitoka Ghuba ya Uajemi. Kaskazini yake ni Iran, kusini ni Musandam, ardhi ya Oman, na pembamba pake pana upana wa kilomita 33 hivi. Mwaka 2024 palipita mapipa karibu milioni 20 kwa siku, moja ya tano ya mafuta yanayotumiwa duniani, pamoja na gesi ya Qatar. Saudi Arabia ina bomba la kwenda Yanbu kwenye Bahari Nyekundu, na Falme za Kiarabu zina la kwenda Fujairah, nje ya mlango huo, lakini mabomba hayo hayawezi kubeba yote. Dizeli na petroli tunazochoma Dar es Salaam, Mombasa, Kampala na Bujumbura kwa sehemu kubwa hupimwa kwa bei za Ghuba. Kwa hiyo Hormuz ikitajwa kwenye taarifa ya habari, inatuhusu moja kwa moja.

Lakini si kila kishindo cha Ghuba kinadumu, na hapa nataka msomaji atulie nami. Tarehe 14 Septemba 2019 mitambo ya Abqaiq nchini Saudi Arabia ilishambuliwa, na uzalishaji wa mapipa milioni 5.7 kwa siku ukasimama. Jumatatu iliyofuata Brent ilipanda karibu asilimia 15 kwa siku moja. Mwisho wa mwezi bei ilikuwa imerudi karibu pale pale. Juni 2025, Israeli ilipoanza kuishambulia Iran tarehe 13, Brent ilipanda kama asilimia 7 siku hiyo. Siku 12 baadaye, mapigano yaliposimamishwa, ilikuwa chini ya ilivyokuwa siku moja kabla ya vita. Aliyejaza mapipa katikati ya mwezi ule alinunua hofu.

Mwaka 2022 haukuwa hivyo. Bei ilikaa juu kwa muda mrefu kwa sababu biashara yenyewe ilibadilishwa kwa sheria. Ulaya iliamua kuacha mafuta ya Urusi, na kuanzia Februari 2023 ikapiga marufuku pia dizeli na petroli kutoka huko. Meli zilizokuwa zikisafiri siku chache zikaanza kuzunguka dunia. Ulaya ikaingia Ghuba kununua dizeli ile ile tunayonunua sisi. Kwa hiyo habari mbaya inapokuja, jiulize: kimelipuliwa kitu kinachoweza kutengenezwa, imefungwa njia, au imepitishwa sheria ya kuzuia biashara? Moto wa kwenye mitambo huzimwa. Vikwazo na marufuku vinaweza kukaa miaka. Ukisikia mlipuko, subiri wiki moja ndipo ugeuze mipango yako. Ukisikia marufuku, anza kupiga hesabu siku hiyo hiyo.

Jambo la pili ni kujua kalenda yako. Tanzania, EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei ya Dar es Salaam, Tanga na Mtwara hazilingani kwa sababu mafuta hushukia bandari tofauti. Kenya, EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, hutangaza tarehe 14, na bei hukaa hadi tarehe 14 ya mwezi unaofuata. Uganda haina bei kikomo, kwa hiyo kule mtikisiko unafika haraka, na vituo viwili vya barabara moja vinaweza kuwa na bei mbili. Sisi tunaopangiwa bei kwa mwezi tuna faida ambayo hatuitumii: bei ya mwezi ujao imeshapikwa na shehena zilizokwisha kununuliwa. Anayefuatilia bei ya dunia leo anajua pampu itaelekea wapi mwezi ujao au unaofuata. Hicho ndicho kipindi cha kujiandaa, na kinatosha kama ukikitumia kupanga badala ya kuhangaika.

Tena usitazame mafuta ghafi peke yake. Mitambo ya Mombasa iliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tunachoingiza wote ni mafuta yaliyosafishwa tayari. Bomba la Hoima hadi Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, ni la kupeleka mafuta ghafi nje. Halitaweka dizeli ya Hoima kwenye pampu za Tanga. Juu ya bei ya mafuta yaliyosafishwa kuna nauli ya meli, bima ambayo hupanda meli ikipita eneo la vita, kodi na tozo, faida ya muuzaji, halafu kuna dola.

Dola ndiyo inayosahaulika, na ndiyo iliyowaumiza Wakenya. Bei kubwa ya petroli Nairobi haikuja mwaka 2022 vita vilipoanza. Ilikuja Oktoba 2023, shilingi 217.36 kwa lita, wakati Brent ilikuwa karibu dola 90, mbali na zile 139. Kilichotokea ni kwamba kodi ya ongezeko la thamani kwenye mafuta ilikuwa imepandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16, na shilingi ilikuwa inaporomoka, hadi dola moja ikapita shilingi 160 Januari 2024. Uhaba wa dola ulikuwa mkali kiasi kwamba mwaka 2023 serikali ya Kenya iliingia mpango na kampuni za mafuta za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu wa kuletewa mafuta kwa mkopo wa siku 180. Dunia ikiogopa, fedha hukimbilia dola, na sisi tunaolipa kwa shilingi hupigwa mara mbili. Basi ikiwa una deni la dola, au unaagiza vipuri vya kulipia kwa dola, hilo ndilo la kumaliza kwanza, kabla hata hujafikiria mafuta. Na kama una ndugu Muscat au Dubai anayekutumia fedha, kubalianeni mapema kiasi gani kitabaki kwa fedha za kule kwa ajili ya malipo ya aina hiyo.

Sasa nije kwenye karatasi, maana hapa ndipo nilipoona watu wakifilisika. Chukua safari ya Fuso kutoka Njombe hadi Dar es Salaam, karibu kilomita 700. Tuseme gari linakula lita moja kwa kilomita nne. Kwenda na kurudi ni lita 350. Dizeli ikipanda shilingi 500, safari imeongezeka shilingi 175,000. Ukigawa kwa magunia 100 ni shilingi 1,750 kwa gunia. Mteja anayelipia gunia moja hataishtukia, lakini mwenye gari aliyekubali nauli ile ile kwa miezi sita anamalizwa nayo kimya kimya. Kila wiki anaona fedha inaingia, kumbe anakula tairi na injini.

Kwa hiyo kabla ya msukosuko, wakati kila mtu bado anacheka, andika kwenye makubaliano yako mstari mmoja: nauli hii imehesabiwa kwa dizeli ya shilingi kadhaa, bei kikomo ikipanda au ikishuka kwa shilingi 100, nauli itabadilika kwa kiasi fulani. Kwa mfano wangu wa juu, kila shilingi 100 ni shilingi 350 kwa gunia. Si lazima uende kwa wakili. Karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, na mteja awe na picha yake kwenye simu. Muhimu ni lile neno “au ikishuka”. Ukiliacha, umeandika mtego, na mteja atauona.

Mkulima ana kalenda yake, na mimi namwogopea kuliko mwenye gari, kwa sababu gari likisimama wiki mbili huwaka tena, lakini mahindi yakikosa mbolea wiki ya kukuzia hayasubiri. Urea hutengenezwa kwa gesi asilia: gesi hutoa amonia, amonia hutoa urea. Gesi ya Ulaya ilipopanda mwaka 2021 na 2022, viwanda vya huko vikapunguza kazi. China ikabana uuzaji wa mbolea nje mwaka 2021. Urusi na Belarus, wauzaji wakubwa wa potashi, madini ya kutengenezea mbolea, zikaingia kwenye vita na vikwazo. Mfuko wa kilo 50 Tanzania ukapita shilingi 120,000. Agosti 2022, kwenye Nane Nane Mbeya, ruzuku ikazinduliwa na mfuko wa DAP au Urea ukashuka hadi karibu 70,000.

Bei hiyo ilikuwa ya aliyejiandikisha kwenye mfumo wa ruzuku. Niliona kwenye kata moja ya kwetu: mzee amesimama mbele ya duka la pembejeo, fedha ameifunga kwenye leso, mvua zimeanza, na mfumo hauna jina lake. Alinunua mifuko miwili kwa bei isiyo na ruzuku badala ya minne aliyoipanga. Kwa hiyo la kuzingatia kabla ya msimu ni usajili. Namba yako ipo? Ukubwa wa shamba ulioandikwa ni sahihi? Namba ya simu iliyosajiliwa ndiyo unayoitumia, au ni ya mtoto aliyehamia mjini? Kahakiki mwezi wa saba au wa nane, foleni ikiwa fupi. Mbolea ya kupandia inunuliwe mapema na iwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta na unyevu. Kwa mbolea, tofauti na dizeli, kununua mapema kiasi cha shamba lako ni busara, kwa kuwa unajua utaitumia yote na lini. Samadi na kunde za kupokezana na mahindi hazifuti hitaji la mbolea, ila zinapunguza idadi ya mifuko ambayo vita vya wengine vinaweza kukunyima.

Kwenye vyakula, angalia sana marufuku. Aprili 28, 2022 Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese, ikaachia baada ya wiki tatu na ushee. Mei 13 India ikazuia ngano. Zote mbili zilikuwa zinalinda walaji wao, lakini mwenye kuchoma chapati Tandika alilipia. Mafuta ya alizeti ya Ukraine yalipokosekana, dunia nzima iligeukia mawese, na mawese nayo yakapanda. Ndiyo maana kupanda kwa bidhaa moja huburuta nyingine. Kwa mwenye biashara ya chakula, akiba ya wiki mbili inatosha. Zaidi ya hapo ni kufunga mtaji kwenye katoni. Kinachosaidia zaidi ni kuwa na chakula cha pili ambacho wateja wameshakizoea kabla ya shida: mihogo, viazi vitamu, ugali na dagaa. Ukianza kuwauzia mihogo siku unga ulipopanda wataona umewapunguzia. Wakiwa wameizoea, hawatauliza.

Kuna wasomaji ambao kwao vita si habari za mbali. Machi 2025, waasi walipokaribia Walikale, mashariki mwa Kongo, mgodi wa madini ya bati wa Bisie ulisimamisha kazi kwa wiki kadhaa, na kwa kuwa unatoa kama asilimia 6 ya bati ya dunia, bei ilipanda hadi kwenye soko la madini la London. Mwezi uliotangulia serikali ya Kinshasa ilikuwa imezuia kobalti, madini ya kutengenezea betri, kuuzwa nje ya nchi, nayo Kongo ndiyo inayotoa nyingi kuliko nchi zote. Dunia ilijadili bei. Goma walikuwa wanajadili benki zilizofunga milango tangu mji ulipochukuliwa Januari. Kwa ndugu wa huko, maandalizi ni ya aina nyingine kabisa: fedha kidogo ya mkononi, kidogo kwenye simu, vyeti na hati za biashara zimepigwa picha na kutumwa kwa mtu aliye mji mwingine. Mambo ya nauli na mikataba yatafuata baadaye.

La mwisho, kabla sijafika kwenye kushuka kwa bei, ni kutafuta mlango wa pili wa nishati. Umeme wa Tanzania unatokana kwa sehemu kubwa na gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay pamoja na maji, likiwemo Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Hauyumbi kwa habari za Hormuz jinsi dizeli inavyoyumba. Mwenye mashine ya kusaga ya dizeli mahali ambapo nguzo zimeshafika, apige hesabu ya mota sasa, kwa utulivu, si mwezi wa bei mbaya ambapo kila fundi ana foleni. Bajaji na teksi za Dar es Salaam zilizofungwa mfumo wa gesi asilia zina unafuu huo huo, ila foleni za kujaza zinaweza kuwa ndefu, na muda huo nao uwekwe kwenye hesabu. Vipuri vya kuagiza kutoka Ulaya, agiza wiki kadhaa mapema: tangu mashambulizi ya Bahari Nyekundu yalipoanza mwishoni mwa 2023, meli nyingi ziliacha Suez zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini mwa Afrika, na mizigo ikachelewa kufika.

Na bei itashuka. Watu hawajiandai kwa hilo, na linaumiza sawasawa. Mwenye duka aliyekopa kujaza stoo bei ikiwa juu anabaki na mzigo ghali na riba, huku jirani ameleta wa bei mpya. Ndiyo maana nasema usikope kwa ajili ya kuhifadhi. Kama ni fedha yako na bidhaa utaitumia, sawa. Kama ni ya benki, ya VICOBA au ya shemeji, iache. Punguza ununuzi wako uwe mdogo na wa mara kwa mara bei inapokuwa juu sana, hata kama kila safari unalipa kidogo zaidi.

Kaka yangu siku hizi hana pipa uani. Ana daftari la jalada gumu linalokaa kwenye dashibodi, na ndani yake safu tatu: tarehe, bei ya dizeli ya mwezi, nauli ya gunia. Bei iliposhuka mara ya kwanza baada ya kuandika ule mstari, alimpunguzia nauli mama mmoja mnunuzi wa viazi pale Mabibo kabla hajaombwa. Mama yule alikaa kimya kidogo, akatoa simu, akaitazama ile picha ya makubaliano, akahesabu mwenyewe kwa kalamu juu ya gunia. Sasa Jumatano ya kwanza ya mwezi ni yeye anayetangulia kupiga: “Kaka, wameshatangaza. Leo tunahesabu kwa ngapi?”